Bibi mchawi, bibi mgonjwa, au siyo bibi kabisa? Shyamalan alivyofufuka na muvi ya dola milioni 5

Washkaji wangu wa Makoroboi, hapa Mwanza, tukikaa jioni pembeni ya meza za chaja na kava za simu, wana swali moja hawachoki kuniuliza kwa sababu wanajua muvi ndio ugonjwa wangu: hivi yule dairekta wa The Sixth Sense, M. Night Shyamalan, alizikwaje afu akafufukaje? Maana kuna miaka jina lake likitajwa tu watu wanacheka, afu 2015 anakuja na kamuvi kadogo, watoto wawili, wazee wawili, nyumba moja ya shamba, kanaitwa The Visit, na heshima yote inarudi. Jibu linalotembea mtaani ni fupi, eti "alichanganya kutisha na kuchekesha". Sawa, alichanganya. Ila wenzetu wa Bongo movie wanachanganya toka enzi za kanda za VHS, mapenzi, uchawi, komedi na mahubiri vyote ndani ya part one na part two, mbona hawafufuki? Mi naona ukitaka kuelewa uanze na nani alilipia, kuchanganya tutakufikia baadae. Na nikuonye mapema, mwisho wa muvi nitaumwaga hapa, ina miaka zaidi ya kumi sasa, kama hujaiona usinilaumu.

Tuanze na kuanguka kwenyewe. Jamaa kazaliwa India 1970, kakulia pembeni ya Philadelphia, Marekani, na muvi zake nyingi anazipiga hukohuko Pennsylvania. 1999 akatoa The Sixth Sense, ile ya mtoto anayeona wafu, bajeti kama dola milioni 40, ikaingiza zaidi ya milioni 670 dunia nzima na kutajwa kuwania Oscar sita. 2002 jarida la Newsweek likamweka kwenye kava na kumwita Spielberg ajaye, yaani mrithi wa yule dairekta mkubwa wa Hollywood. Ukishaitwa hivyo we jua balaa limeanza. Watu wakawa wanaingia kwenye muvi zake kama wanaenda kufanya mtihani, toka dakika ya kwanza wanatafuta ule mgeuko wa mwisho, pale unapogundua stori siyo ulivyodhani, wengine wanabishana kabisa "yule keshakufa, yule keshakufa", na yeye akawa anawapa mgeuko hata pale stori haijauomba. Lady in the Water ya 2006 ikapigwa mawe, The Happening ya 2008 watu wakacheka sehemu ambazo walitakiwa waogope. Afu akahamia kwenye mamuvi ya hela nyingi: The Last Airbender ya 2010, bajeti milioni 150, ikabeba Razzie tano, zile tuzo za kejeli, ikiwemo ya muvi mbovu ya mwaka, na After Earth ya 2013 ya Will Smith na mwanae, milioni 130, ambayo kwenye matangazo jina la dairekta lilifichwa kama mtoto wa nje ya ndoa. Hiyo After Earth huku kwetu ilitembea kwenye flashi mpaka basi, na sidhani kama kuna aliyejua ni ya nani.

Cha ajabu hizo mbili za mwisho hazikukosa watazamaji, zote ziliingiza zaidi ya milioni 240. Kilichokufa ni imani. Studio ikishakupa milioni 130 inakupa na watu wa kukaa nyuma ya kiti chako, huyu anataka steringi aonekane hivi, yule anataka mwisho ubadilishwe, na ukimaliza hata wewe hujui kipi kilikuwa chako.

Hapo akafanya kitu ambacho mama muuza dagaa pale mwaloni Kirumba angekielewa haraka kuliko mwalimu wa filamu: akaweka mali yake rehani. Akakopa, akapata kama dola milioni 5, akalipia muvi mwenyewe. Piga hesabu, bajeti ya After Earth moja inatoa The Visit 26.

Sasa hili neno "dairekta wa kujitegemea" linachanganya watu, wanawaza mtu mwenye kamera ya kuazima na kiatu kimetoboka. Shyamalan hakuwa maskini hata siku moja. Kujitegemea kwake kulikuwa kwa namna nyingine, na ukitaka mfano mzuri nenda mwaloni alfajiri. Kuna mwenye mtumbwi aliyepewa nyavu na injini na tajiri wa samaki. Anaonekana ana mtumbwi, ana vijana, ana kila kitu, ila sangara wake ana mwenyewe kabla hajavuliwa, lazima amuuzie yuleyule tajiri na kwa bei ya tajiri, msimu mpaka msimu. Na kuna mwingine ana kamtumbwi kachakavu ka makasia ila nyavu alinunua mwenyewe. Huyo akirudi na ndoo tatu, ndoo tatu ni zake, anaweza kuuza, kukausha, hata kula. Kwenye After Earth Shyamalan alikuwa yule wa kwanza. Kwenye The Visit akawa wa pili, nyavu zake, deni lake, na usingizi wa kukosa ni wake pia.

Hakuwa mgunduzi wa njia hii. Mzee Alfred Hitchcock alifanya hivyohivyo na Psycho ya 1960. Studio ya Paramount haikuitaka ile stori, akaipiga kwa hela za kampuni yake, kama dola laki 8, akatumia watu wa kipindi chake cha televisheni, nyeusi na nyeupe, akaacha mshahara wake wa kawaida ili apate sehemu kubwa ya mapato. Na kwa sababu nyavu zilikuwa zake akaweza kufanya kitu ambacho hakuna tajiri angekiruhusu: akamuua steringi wa kike, Janet Leigh, kabla muvi haijafika nusu. Sisi tuliokulia vibandani tunajua steringi hafi. Hiyo ni katiba. Steringi anapigwa, anatupwa mtoni, anachomwa, lakini dakika ya mwisho anarudi na bandeji. Ukimuua katikati watu wanashtuka, ndio, ila zaidi ya hapo hawajui tena wanaangalia muvi ya aina gani. Ilianza kama stori ya mwanamke kaiba hela za ofisi, ghafla ni muvi ya muuaji. Hitchcock akawaambia na wenye kumbi wasimruhusu mtu kuingia muvi ikishaanza. Jaribu sheria hiyo Igogo uone, mtu kaja kalewa na mia tano yake mkononi afu umwambie kachelewa.

Kwa hiyo "aina" ya muvi tuielewe hivi: ni ahadi. Bango likiwa na damu umeahidiwa hofu, likiwa na mtu kashika bunduki kageuza mgongo umeahidiwa ekshen. Kuchanganya aina maana yake unavunja ahadi makusudi, na mwenye hela huwa hapendi kuvunja ahadi kwa sababu hajui atauzaje.

Hapa kuna fundo lingine, kutisha na thrila watu wanaziona kitu kimoja na siyo. Chukua mtumbwi wa dagaa, usiku wa giza, mwezi haupo, karabai zinawaka, vijana wanne. Likitoka majini dude ambalo hakuna anayelijua jina, hiyo ni kutisha, wewe na wale vijana mnashtuka pamoja. Lakini ukinionyesha mimi mtazamaji kwamba mmoja wa wale wanne siyo mvuvi, ni mtu aliyemuua mwenye mtumbwi jana, na wenzake hawajui, wanamgawia mhogo wa kuchoma wanacheka nae, hapo ni thrila, mi najua wao hawajui na tumbo linaniuma mimi. Hitchcock alikuwa anaeleza jambo hilo kwa mfano wa bomu chini ya meza, mtazamaji kaliona, waliokaa mezani hawajaliona. Komedi nayo ni yule kijana wa nne anayetapika kila wimbi na bado anajisifu kazaliwa Ukerewe. Sasa viweke vyote kwenye mtumbwi mmoja: yule wa kutapika kainama, wenzake wanamcheka, na kwa kuwa kainama ni yeye peke yake anayeiona damu iliyokauka kwenye mbao za chini. Umecheka, mabega yameshuka, na hapohapo kitu kinakupata. Kicheko kinamlegeza mtu. Anayekaza toka mwanzo mpaka mwisho anawachosha watu, nusu saa tu washazoea kutishwa.

The Visit ndio imejengwa hivyo. Mama mmoja aligombana na wazazi wake akaondoka nyumbani kijana, hajarudi miaka na miaka. Watoto wake, Becca na mdogo wake Tyler, wanaenda kukaa na babu na bibi ambao hawajawahi kuwaona. Becca anataka kuwa dairekta, karibu muvi nzima tunaiangalia kupitia kamera zao, kwa hiyo hakuna mitambo ya gharama, hakuna ile miziki mikubwa ya kukuambia sasa ogopa, na picha ikitikisika hakuna wa kulalamika maana kashika mtoto. Ubahili umegeuzwa kuwa staili, hapo mi nilimvulia kofia. Babu anawapa sheria moja: saa tatu na nusu usiku msitoke chumbani. Wanatoka, bila shaka. Bibi anatapika akitembea, bibi anakwangua ukuta. Asubuhi bibi huyohuyo anaoka biskuti, mtamu kama asali. Tyler anarap, ovyo kabisa, na ni mtoto anayeogopa vijidudu mpaka anachekesha.

Sasa sikia, hii ndio ninayoipenda kuliko zote. Shyamalan alisema alikuwa na toleo tatu za muvi hii: moja komedi tupu, moja kutisha tupu, na moja katikati ya hizo mbili. Picha zilezile, wazee walewale, mkasi tu ndio umebadilika. Ukiacha bibi akimbie sekunde mbili zaidi anachekesha, ukimkata mapema anatisha. Watu wanadhani mchanganyiko unapikwa kwenye skripti, kumbe mwingi unapikwa kwenye chumba cha editi, na editi ni muda, na muda ni hela. Studio ingemwambia chagua moja, tarehe ya kutoka imeshatangazwa. Yeye aliweza kukaa akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Na alipoipeleka kwa studio mara ya kwanza wakamkataa, wote, hapo hebu fikiria nyumba iko rehani. Akarudi mezani, akakata tena, ndipo studio ya Universal wakaichukua, na Jason Blum yuko nyuma yake, yule prodyuza wa Paranormal Activity iliyopigwa kwa kama dola elfu 15 na kuingiza zaidi ya milioni 190. Mtindo wa Blum unajulikana: bajeti ndogo, dairekta anachukua kidogo mwanzoni, anaachiwa uhuru, ikiuza anakula asilimia. Ni mgao wa wavuvi uleule, chombo chake, wafanyakazi chao, ziwa likigoma wote mnalala njaa.

Na ndio maana nikasema Bongo movie tusiilaumu kwa kuchanganya. Mussa Banzi alishatuchanganyia mizimu na maisha ya mtaani kwenye Nsyuka na Shumileta kabla wengi hawajajua kama hiyo kitu ina jina. Tatizo lilikuwa kwingine: unapiga siku chache, unaediti usiku, unamkabidhi msambazaji kila kitu kwa bei ya jumla, haki zote, kwisha habari. Hata kama toleo la tatu lingekuwa bora nani angelipia kulitafuta?

Mi The Visit niliiona mara ya kwanza kibanda umiza pale Igogo, ya wizi ndio, mwaka uliofuata, mabenchi ya mbao, televisheni moja na jamaa mwenye maiki anatafsiri laivu, wale wajukuu wa kina Lufufu, mtafsiri muvi wa enzi zile. Bibi alipotokea tu, kabla hajafanya lolote, jamaa akasema kwenye maiki, "huyu ajuza mchawi, cheki macho". Kibanda kizima kikakubali. Yaani muvi ilikuwa bado inatuuliza bibi ana nini, sisi tushajibu. Babu anakuja kueleza kwamba bibi anaumwa, kuna wazee jua likizama akili inavurugika, hiyo hali ipo kweli na madaktari wanaijua, jamaa wa maiki akairuka kabisa, akatafsiri "anasema mke wangu usiku anaenda kazini". Watu hoi kwa kicheko. Na mi nilicheka.

Ila kicheko hicho kilinikaa vibaya njiani naenda nyumbani. Kanda hii ya ziwa, huku kwetu na Shinyanga, bibi wangapi wamekatwa mapanga kwa macho mekundu tu, macho yaliyoliwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini? Ile muvi inacheza na kitu hichohicho: mzee anafanya jambo lisiloeleweka usiku, je utaliita jini au utaliita ugonjwa? Inakusukuma uone aibu kwa kumuogopa mgonjwa, na ukishaona aibu ndio inakupiga na jibu la tatu ambalo hukulifikiria. Kule mwanzo bibi alimwaga unga wa kuoka kwenye kamera ya laptopu, kwa bahati mbaya eti, kwa hiyo watoto wakiongea na mama yao kwa Skype yeye anawasikia ila haoni kitu. Siku zinapita. Becca anakuja kuisafisha ile kamera, anaigeuzia dirishani mama aone wazee wake wako nje, na mama anaganda. Anasema hao siyo babu na bibi yenu.

Hapo ndipo kila kitu kinageuka jina. Haikuwa uchawi, na ugonjwa peke yake haukutosha kueleza: ni watu wawili waliotoroka hospitali ya akili, wamewaua wenye nyumba, miili iko chini kwenye stoo. Muvi ya kutisha imegeuka thrila nyuma yako bila wewe kujua, na ule unga kwenye kamera, uliouona ukacheka, ulikuwa ndio ushahidi. Kiufundi ni safi sana. Kiutu mi nina neno: baada ya kutufanya tuwaonee huruma wazee wagonjwa, inamalizia kwa kuwafanya wagonjwa wa akili ndio wauaji, hapo naona alichukua njia ya mkato, na kwenye muvi yake ya Split ya mwanzoni mwa 2017 akairudia njia hiyohiyo.

Kihela lakini hakuna ubishi. The Visit iliingiza kama dola milioni 98. Usidhani zote zake, kumbi zinabaki na karibu nusu, msambazaji ana chake, matangazo yana chake, lakini kwa muvi ya milioni 5 kilichobaki kinatosha kutoa nyumba benki. Split akalipia mwenyewe tena, milioni 9, ikaleta 278. Glass ya 2019 milioni 20, ikaleta kama 247. Na ameendelea hivyohivyo, akipata anarudisha mezani, akitaka muvi nyingine anaweka rehani tena. Mke wake sijui analalaje.

Turudi Igogo. Ile scene ya oveni, bibi anamwambia Becca aingie ndani asafishe, "ingia yote", mtoto anaingia mpaka miguu, jamaa wa maiki kwa mara ya kwanza akanyamaza. Hakuna aliyekohoa. Nadhani hata yeye hakujua hapo atafsiri kama nini. Afu ikafika ile ya Skype, mama kaganda kwenye kioo, kasema neno lake, na umeme ukakatika. Jenereta halina mafuta. Giza totoro, watu thelathini na kitu, hakuna aliyesimama. Jamaa akaweka maiki chini, akaendelea kwa mdomo tu: bibi wa kweli kafichwa chini ya jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, hawa wawili ni majini wa maji, yule dogo anarap kumbe zile rap ni dawa, anarap mpaka majini yanapasuka. Dakika kumi nzima. Wiki mbili baadae niliuona mwisho halisi kwenye laptopu ya jirani, na kweli dogo anarap mwishoni, nikacheka peke yangu kama chizi.

Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja wa maandazi aliyekuwa anasikiliza mlangoni bila kulipa akamuuliza, "Na wale watoto, mwanangu, walifika kwao?"

"Walifika mama. Walivuka na kivuko cha Kamanga."